Mfumo mpya, maagizo ya zamani: kwa nini mitambo husumbua baada ya kuboreshwa

Msikilizaji, leo tunaeleza habari za mita za LUKU, simu zenu na mifumo ya maofisini. Lakini tunaanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Jumatano moja, saa 12:55 asubuhi, dakika tano kabla ya taarifa ya habari, redio yetu ilitangaza kwamba gulio la kijiji kimoja cha huku kwetu ni siku hiyo. Tangazo lile lilikuwa la kweli zamani. Gulio lilikwisha kuhamishiwa Jumamosi miezi mingi nyuma, na sisi wenyewe ndio tuliotangaza mabadiliko hayo.

Kabla ya saa tatu simu ya studio ikaanza kuita. Mama mmoja kutoka upande wa Mnyuzi alikuwa amepakia mikungu minne ya ndizi kwenye bodaboda. Alipofika alikuta uwanja mtupu. Nauli ya kwenda imeliwa, ya kurudi inamsubiri, na ndizi zimeanza kuiva. Alituambia hivi: "Wanangu, mimi sina mtu mwingine wa kunipa habari. Nina nyie tu." Tulimwomba radhi kwenye simu, kisha tukamwomba radhi hewani. Lakini hatukujua tangazo lile lilitoka wapi.

Tuliwaza kwamba mtangazaji wa zamu amebonyeza faili lisilo lake. Alikana, na wengine tulimtazama kwa jicho la kutomwamini. Alhamisi, saa 12:55 ile ile, likapigwa tangazo la chanjo ya mifugo. Chanjo hiyo ilikwisha kufanyika na wataalamu walikwisha kuondoka. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Hapo tukajua kwamba hakuna aliyebonyeza kitu. Kompyuta ilikuwa inafanya yenyewe.

Kulikuwa na jambo moja jipya studio. Jumanne usiku tulikuwa tumeapdeti programu inayopanga na kupiga nyimbo, jingo na matangazo. Tulitoka toleo la zamani tukaingia toleo jipya. Basi lawama zote zikaenda kwa programu mpya. Baadhi yetu walisema mambo haya mapya hayafai, turudi kwenye ya zamani tuliyoizoea.

Alhamisi usiku fundi akaifuta programu mpya na kuiweka tena upya. Ijumaa asubuhi, saa 12:55, likapigwa tangazo la tatu.

Tulivyolipata tatizo

Kilichotusaidia hatimaye ni saa. Tulisikiliza tena rekodi za siku tatu tukaona matangazo yote yameanza saa 12:55 kamili, sekunde sifuri. Binadamu habonyezi hivyo. Mtu huchelewa kidogo au huwahi kidogo. Kitu kinachofika kwenye sekunde ile ile kila siku kimepangwa na mashine.

Fundi aliacha kuipekua programu mpya, akafungua orodha ya kazi ambazo kompyuta yenyewe imeagizwa kuzifanya kwa saa. Orodha hiyo iko nje ya programu yetu. Humo alikuta mstari mmoja ambao hakuna kati yetu aliyeujua. Kila siku, saa 12:55, fungua skripti fulani.

Sisi watu wa redio tukisikia neno skripti tunafikiria karatasi tunayoisoma hewani. Kwenye kompyuta skripti ni jambo linalokaribiana na hilo. Ni maagizo yaliyoandikwa ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari na kuyatekeleza. Nenda folda hii, chukua faili la kwanza, lipige, likiisha lihamishie folda ile. Tofauti ni kwamba mtangazaji akikuta kwenye karatasi tarehe iliyopita atasita na kuuliza. Kompyuta haisiti.

Skripti ile iliandikwa miaka kadhaa nyuma na kijana aliyekuwa akijitolea kwetu. Programu ya zamani haikuweza kupanga matangazo ya asubuhi yenyewe, kwa hiyo alitutengenezea nyongeza. Ilitufaa sana. Kila jioni tuliweka tangazo la kesho kwenye folda, na asubuhi likapigwa bila mtu kugusa kitu. Kwa kuwa folda ilikuwa na tangazo moja tu kila siku, hapakuwa na hatari. Baadaye kijana aliondoka kwenda Dodoma. Skripti ilibaki ikifanya kazi, na sisi tukasahau kwamba ipo.

Siku ya kuweka programu mpya, fundi alifanya jambo la busara. Alirudisha nakala ya akiba ya rekodi zetu zote ili kitu kisipotee. Nakala hiyo ikajaza folda ile ya zamani matangazo ya miezi na miezi. Asubuhi skripti ikaamka kama kawaida, ikakuta folda imejaa, ikachukua la kwanza. Kesho yake la pili. Keshokutwa la tatu. Tusingegundua, ingeendelea hivyo mpaka folda iishe.

Tulimpigia simu yule kijana. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Bado ipo?"

Kwa hiyo programu mpya haikuwa na kosa. Mtangazaji wa zamu hakuwa na kosa, na tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Hata skripti yenyewe haikuharibika; ilifanya kile kile ilichoagizwa. Tatizo lilikuwa kwamba mazingira yake yalibadilika na hakuna aliyekumbuka kuisimamisha. Na kuifuta programu na kuiweka upya hakukusaidia kwa sababu skripti haikuwa ndani ya programu. Ni sawa na mtu anayebadilisha mlango wa nyumba wakati nyoka yuko darini.

Kila nyumba yenye LUKU ilipita hapa mwaka 2024

Tungeweza kuishia kwenye kuomba radhi. Lakini jambo hili la maagizo ya zamani kubaki ndani ya mfumo mpya haliko studio tu. Mwaka 2024 liligonga hodi kwenye nyumba nyingi za Hale, Korogwe na Handeni, na nyingine zote zenye mita za malipo ya kabla nchini.

Sisi wa Hale umeme ni jirani yetu wa zamani. Kituo cha kufua umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kimekuwa kwenye Mto Pangani tangu mwaka 1964. Kilichobadilika mno ni namna ya kulipia. Tulitoka kwenye bili ya karatasi, tukaja LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, na sasa tunanunua kwa simu tukiwa shambani. Kila hatua imeongeza programu nyuma ya mita.

Mwaka 2024 TANESCO iliwatangazia wateja kwamba mita za LUKU zinafanyiwa maboresho, na kwamba mwisho ni tarehe 24 Novemba 2024. Ulipokwenda kununua umeme uliletewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Wengi walituuliza wakati ule kama ni utapeli. Haukuwa utapeli, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Kila tokeni unayonunua hubeba ndani yake muda ilipotengenezwa. Muda huo unahesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka muda wa tokeni ulizokwisha kuziingiza, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili au asitumie ya zamani mno. Utaratibu huu ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na leo unatumika katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Uganda.

Waliouanzisha waliipa hesabu hiyo ya dakika nafasi yenye kikomo. Inaweza kufika 16,777,215, basi. Dakika hizo ni karibu miaka 32. Mwaka 1993 miaka 32 ilionekana mbali. Ukihesabu kutoka 1 Januari 1993, zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri. Mita isiyoboreshwa ingeona kila tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa, hata kama fedha imelipwa.

Dawa yake ilikuwa kuipa mita mwanzo mpya wa kuhesabu pamoja na ufunguo mpya wa siri. Makundi mawili ya kwanza ya tarakimu 20 yalikuwa kwa kazi hiyo. Kundi la tatu ndilo lililobeba uniti zako. Ndiyo maana ilibidi kuyaingiza kwa mpangilio, la kwanza, la pili, kisha la tatu. Aliyeanza na la tatu alikataliwa, kwa sababu tokeni ile iliandikwa kwa ufunguo ambao mita yake ilikuwa bado haijaupata.

Na hapa ndipo masalia yanapoingia. Fikiria mzee aliyenunua umeme wa shilingi 5,000 kabla ya maboresho. Uniti zilizopo hazijaisha, kwa hiyo anaiacha meseji kwenye simu, ataingiza akipungukiwa. Mwanawe aliyeko Tanga mjini anamnunulia umeme mwingine, yanakuja makundi matatu, anayaingiza yote vizuri. Wiki mbili baadaye mzee anakumbuka ile meseji ya zamani. Anaingiza, mita inakataa. Anarudia, inakataa. Anasema mita mpya imeharibika.

Mita ni nzima. Tokeni ile iliandikwa kwa ufunguo wa zamani, na ufunguo huo umekwisha kuondolewa. Fedha ya mzee ilikuwa ya halali na tokeni ilikuwa ya halali, ila ilibaki upande wa pili wa mabadiliko. Ndiyo sababu kanuni ya kazi hii ni kumaliza tokeni za zamani kwanza, ndipo kuingiza za maboresho.

Kama bado unayo nyumba iliyofungwa muda mrefu, au mita ya duka lisilotumika, jambo hili linakuhusu hata leo. Mita ambayo haikuingiziwa namba za maboresho haitapokea tokeni mpya mpaka ifanyiwe kazi hiyo. Usiifute meseji ya ununuzi. Chukua namba ya mita na meseji yako, wasiliana na TANESCO, uwaeleze mita ilinunuliwa umeme mara ya mwisho lini. Tarehe hiyo itawaonyesha haraka kama tatizo ni ufunguo wa zamani.

Kuna nyongeza nyingine kwenye ununuzi wa umeme ambayo wapangaji wengi hutuuliza. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo, kwa maeneo yanayohusika, imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa shilingi 1,500. Mita haijui chochote kuhusu kodi hiyo. Ni agizo lililowekwa kwenye mfumo wa mauzo, linalotazama namba ya mita. Kwa hiyo nyumba ikikaa miezi sita bila kununuliwa umeme, agizo halilali. Mpangaji mpya anayeingia na kununua kwa mara ya kwanza anaweza kukuta makato ya miezi ambayo hakuwapo. Hajaibiwa na mita haijaharibika. Amekutana na agizo lililomsubiri. Kabla ya kuhamia nyumba, muulize mwenye nyumba umeme ulinunuliwa lini mara ya mwisho, mkubaliane nani atabeba makato hayo.

Kampuni ya Marekani iliyoponzwa na jambo hili

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya redio ndogo na mita za vijijini, na kwamba wakubwa hawapatwi. Tuwape mfano mmoja wa mbali, kwa sababu umeandikwa vizuri na serikali ya huko yenyewe ndiyo iliyouchunguza.

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja, ilianza kutumia programu mpya. Kampuni ilikuwa na kompyuta kubwa nane za kazi hiyo. Fundi aliweka programu mpya kwenye saba, ya nane ikasahaulika. Ndani ya kompyuta ile ya nane kulikuwa na maagizo ya zamani ambayo kampuni iliacha kuyatumia tangu mwaka 2003. Hayakufutwa, yalilala tu. Programu mpya ikatumia ishara ile ile ambayo zamani ilikuwa ya kuyaamsha.

Soko lilipofunguliwa, kompyuta saba zilifanya kazi vizuri. Ya nane ikaamka na kuanza kununua na kuuza hisa bila kusimama. Katika hekaheka ya kutafuta tatizo, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa nzima, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Ndani ya dakika 45 kampuni ilifanya mamilioni ya miamala isiyotakiwa na kupata hasara ya zaidi ya dola milioni 400. Haikusimama tena kwa miguu yake, ikaja kuunganishwa na kampuni nyingine.

Angalieni jinsi kisa hicho kinavyofanana na chetu. Nao walilaumu kipya, wakakiondoa, wakati kilichowaumiza ni cha zamani kilichobaki. Sisi tulipoteza imani ya mama mmoja wa Mnyuzi na wengine ambao hawakupiga simu. Wao walipoteza kampuni.

Simu yako nayo hubeba maagizo ya zamani

Turudi nyumbani, kwenye simu iliyo mkononi mwako sasa hivi.

Wengi hubadilisha simu, au huapdeti simu ile ile, kisha huona vituko na kusema simu ni mbovu. Kabla ya kumpelekea fundi na kulipa, angalia mambo matatu.

La kwanza ni kuelekeza simu zinazopigwa. Labda zamani ulikwenda safari ukaelekeza simu zako ziingie kwenye namba ya mume, mke au ndugu. Agizo hilo halikai kwenye simu, linakaa kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Hata ukinunua simu mpya kabisa, watu wakikupigia wanaweza kuendelea kumpata mtu mwingine. Piga *#21# kuona kama kuna agizo la namna hiyo. Kulifuta, piga ##002# na bonyeza kitufe cha kupiga. Hakuna fundi anayehitajika hapo.

La pili ni huduma za kujirudia. Muziki unaosikika mtu anapokupigia, meseji za mafunzo au za michezo, kifurushi kinachojinunua chenyewe. Ulikubali siku moja, ukasahau, lakini agizo liko hai na salio linaondoka kidogo kidogo. Kubadilisha simu hakusaidii, kwa sababu agizo limefungwa kwenye namba. Ingia kwenye menyu ya kampuni yako ya simu au wapigie huduma kwa wateja, uulize swali hili moja: "Namba yangu imejiunga na huduma zipi?" Kisha uombe uondolewe kwenye usizozihitaji.

La tatu ni programu ulizoongeza mwenyewe. Simu ya Android ikiapdetiwa halafu ikaanza kujizima, kupata moto au kuonyesha matangazo yasiyoeleweka, huenda chanzo ni programu ya zamani isiyoelewana na mfumo mpya. Simu nyingi za Android zina hali salama, yaani zinawaka bila programu ulizoongeza wewe. Simu nyingi hufika huko ukishikilia neno la kuzima simu kwenye kioo mpaka zikuulize. Kama katika hali hiyo simu inatulia, basi simu ni nzima. Iwashe kawaida, uondoe programu ulizoongeza, moja baada ya moja, ukianza na ile unayoitilia shaka. Tatizo likikoma, umempata mkorofi.

Tunasisitiza moja baada ya moja. Ukiondoa kumi kwa mkupuo, tatizo litakwisha lakini hutajua ni ipi, na wiki ijayo utairudisha bila kujua.

Mfumo unasumbua: uliza nini?

Miaka hii huduma nyingi za kijijini zimehamia kwenye mifumo. Mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023 inampata mkulima aliyeandikishwa kwenye daftari la kidijitali. Zabuni za serikali zilihama mwaka 2023 kutoka mfumo wa TANePS kwenda NeST. Zahanati, shule, ushirika na ofisi za kata zina kompyuta na vishikwambi vyake. Mifumo itaendelea kuboreshwa, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini kila maboresho yatakuta maagizo ya zamani njiani.

Sisi wananchi hatuwezi kuingia kwenye kompyuta za ofisi. Ila tunaweza kueleza tatizo kwa namna inayomsaidia fundi kulipata. Mtu akiambiwa mfumo unasumbua, njoo kesho, akienda kesho akaambiwa tena kesho, asirudi nyumbani kimya. Aseme mambo haya, na ikiwezekana ayaandike:

Tatizo lilianza tarehe gani? Kama lilianza siku chache baada ya maboresho, fundi ana pa kuanzia.

Linatokea saa ile ile kila siku? Kama ndivyo, kuna kitu kimepangwa kwa saa.

Linawapata watu wote au baadhi? Kama wote wanaokataliwa waliandikishwa mwaka mmoja, au kwa namba za simu za zamani, hiyo ni habari kubwa kwa fundi.

Ni kitu gani kiliongezwa zamani kwenye mfumo huu, na aliyekiongeza yuko wapi? Swali hili ndilo lililotutoa sisi.

Na kwa wale wenye vikundi, vikoba na ushirika wanaotunza hesabu kwenye kompyuta, tunaongeza utaratibu tulioujifunza kwa shida. Mkipata hitilafu baada ya kuapdeti, msikimbilie kufuta. Kwanza wekeni nakala ya akiba pembeni. Kisha simamisheni nyongeza zote, muone kama programu tupu inafanya kazi. Kama inafanya, rudisheni nyongeza moja, mjaribu, ndipo nyingine.

Mkishaipata nyongeza yenye matatizo, izimeni lakini msiifute kwa siku chache. Sisi tulipoizima skripti ya saa 12:55 tulishangilia. Siku mbili baadaye jingo la kipindi cha salamu cha jioni halikupigwa. Kumbe kijana yule alikuwa amelipachika humo humo, mistari minne chini. Tungekuwa tumefuta, tungeanza kutafuta upya. Tulifungua skripti, tukasoma yote, tukayahamishia mambo yanayofaa kwenye programu mpya. Baada ya wiki nzima ya utulivu ndipo tulipoifuta.

Tulichobadilisha sisi

Msikilizaji ana haki ya kujua tulichofanya baada ya kumwomba radhi.

Studio sasa kuna daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mtu anayeongeza kitu kwenye kompyuta anaandika tarehe, alichoongeza, kinakaa wapi, kinafanya nini, na namna ya kukizima. Hata kama ni kitu kidogo, na hata kama ni fundi wa nje aliyekuja kwa saa moja. Kabla ya kuapdeti chochote tunafungua daftari na kupitia mstari kwa mstari.

Pia kila tangazo linarekodiwa likiwa na tarehe yake ndani ya maneno. Hatusemi tena gulio ni kesho, tunasema gulio ni Jumamosi, tarehe fulani, mwezi fulani. Tangazo la zamani likija kupigwa tena kwa bahati mbaya, wewe unayesikiliza utalitambua mwenyewe kabla hujapakia ndizi. Tunaomba vijiji, shule na zahanati zinazotuletea matangazo zituletee na tarehe ya kuyasimamisha. Tangazo lisilo na tarehe hiyo hatulipokei.

Yule mama wa Mnyuzi tulimrudishia nauli ya kwenda na kurudi kutoka mifukoni mwetu. Ndizi aliziuza kwa bei ya chini kwa wapita njia, na hasara hiyo hatukuweza kuifidia yote. Bado anatusikiliza. Alituambia juzi kwamba siku hizi akisikia tangazo la gulio anasubiri kwanza asikie tarehe.